Uliza Anti: Nataka kusoma masta ya sera za umma, nianzie wapi?

Toleo lililopita nilitupia sentensi moja tu kwamba kabla ya kushika ukurasa huu nilisoma masta ya sera za umma na nikafanya kazi ya uchambuzi miaka kadhaa, kumbe nimechokoza nyuki, meseji zimekuja mpaka nikaona toleo hili lote tumalizane nalo hapo hapo. Nimechagua chache, zile zinazofanana nimeziunganisha, majina sijaweka kama mlivyoomba.

Anti shikamoo. Nina digrii ya sosholojia, nafanya kazi kwenye enjio inayoshughulika na watoto walioacha shule, huu mwaka wa tatu. Nataka kusoma zaidi ila nachanganyikiwa, kuna MPP (masta ya sera za umma), kuna MPA (masta ya utawala wa umma), kuna masta ya maendeleo, kuna ya sayansi ya siasa, na zote maelezo yake yanafanana, zote zinasema zitanifanya kiongozi wa kesho. Tofauti iko wapi? Na humo ndani mtu unasoma nini hasa?

Marahaba mwanangu. Hayo maneno ya kiongozi wa kesho yaruke, kila chuo kinayaweka. Wewe nenda moja kwa moja kwenye orodha ya kozi za lazima za mwaka wa kwanza, hapo ndo programu inasema ukweli wake. Ukikuta uchumi wa maikro, takwimu mbili mfululizo, uchambuzi wa gharama na faida, hiyo ni ya sera hata kama jina lake ni jingine. Ukikuta bajeti za serikali, usimamizi wa watumishi, manunuzi, uendeshaji wa taasisi, hiyo ni ya utawala. Kwa kawaida ya kwanza inaitwa MPP na ya pili MPA, na ya pili ndo kongwe, chuo cha Syracuse kule Marekani walifungua skuli yao ya Maxwell 1924, wakati wimbi la MPP limekuja mwishoni mwa miaka ya 60, Berkeley kwa mfano walianza 1969, kipindi ambacho serikali ya kule ilikuwa inamwaga hela kwenye miradi mikubwa ya kijamii alafu inashindwa kusema imesaidia au haijasaidia. Ila sasa majina yameshachanganyika mnoo, Princeton wanatoa MPA ya miaka miwili ambayo imejaa uchumi na takwimu kuliko MPP za vyuo vingine, kwahiyo jina lisikubabaishe.

Masta za maendeleo nyingi zinaenda kwenye nadharia na historia ya umaskini, ni nzuri, nimefanya kazi na watu waliotoka huko na wanajua mambo, lakini ukiwawekea mezani jedwali la regresheni, yaani hesabu ya takwimu inayopima kitu kimoja kinaendana vipi na kingine, wengi wao wanaangalia pembeni. Ya sayansi ya siasa inakuandaa zaidi kuwa mtafiti. Hayo ni maoni yangu, wenye digrii zao watanisamehe.

Sasa ndani unasoma nini, tuchukue hilo hilo la watoto wako. Siku ya kwanza utasema tatizo ni watoto kuacha shule na darasa zima litakurukia: wanaacha wakiwa darasa gani, wa kike au wa kiume, wanaacha ghafla au wanaanza kwa kukosa siku moja moja, nyumbani hela ndo hakuna au shule iko mbali au mtoto anaumwa umwa au anaenda anakaa siku nzima haelewi kitu mpaka anaona bora akatafute kibarua. Kila jibu hapo linakupeleka kwenye mpango tofauti kabisa na bajeti tofauti. Utashangaa semista nzima inaisha mnajifunza tu kuuliza tatizo ni lipi, na kiukweli hicho ndo kitu kikubwa kuliko vyote utakavyotoka navyo.

Ukishajua tatizo unaanza kutafuta nani ameshajaribu nini na alipimaje. Mexico 1997 walianza mpango wao wa Progresa, familia maskini za vijijini zinapewa hela mkononi, hasa akina mama, kwa sharti kwamba watoto waende shule na familia ihudhurie kliniki. Kilichofanya mpango ule ufundishwe mpaka leo ni namna ulivyopimwa, walichukua vijiji 506, 320 vikaanza mapema na 186 vikasubiri, na nani aanze nani asubiri ilipangwa kwa bahati nasibu, hivo baadaye ukilinganisha makundi mawili una haki ya kusema tofauti hii imetoka kwenye mpango wenyewe na haikutoka kwenye mvua nzuri au bei ya mazao. Ikaonekana watoto wengi zaidi wanaendelea, hasa pale pa kuvuka kwenda sekondari. Upande mwingine Edward Miguel na Michael Kremer wakatoa utafiti 2004 uliofanyika magharibi mwa Kenya kwamba dawa za minyoo mashuleni zinapunguza utoro, na dawa ya minyoo ni bei rahisi sana ukilinganisha na kumpa mzazi hela kila mwezi. Watakwimu wengine wakaja kuupinga utafiti ule kwa nguvu, na ule ubishi utausoma darasani, binafsi naona unafundisha kuliko hata matokeo. Kremer baadaye aligawana Nobel ya uchumi ya 2019 na Abhijit Banerjee na Esther Duflo kwa kazi za namna hii.

Alafu kuna nusu ya pili ambayo wanafunzi wanaidharau, utekelezaji. Jeffrey Pressman na Aaron Wildavsky waliufuatilia mradi wa serikali kuu ya Marekani wa kuleta ajira mji wa Oakland miaka ya 60, hela zipo, kila mtu anaukubali, hauna adui, na bado ajira zikatoka kiduchu. Wakakaa wakahesabu, wakaona ule mradi ulihitaji makubaliano kama 70 baina ya ofisi na watu mbalimbali. Chukua kikokotoo sasa hivi: hata kama kila kubaliano lina uwezekano wa asilimia 99 kupita, yote 70 kupita ni chini kidogo ya nusu. Ukishusha ikawa asilimia 95 unabaki na kama asilimia 3. Hapo hakuna mwizi, hakuna mzembe, ni wingi wa mihuri tu. Ukishaliona hilo huwezi tena kusoma tangazo la mradi mpya bila kuuliza hili linapita kwa wangapi.

Kwa hiyo kwako wewe, kama kinachokuuma ni kwa nini wanaacha na kipi kinawarudisha, tafuta yenye takwimu nzito. Kama unajiona baadae ukiiendesha hiyo enjio au idara ya elimu, ya utawala itakufaa zaidi. Na uangalie muda pia, kuna za mwaka mmoja kama ya skuli ya sera ya Blavatnik pale Oxford na kuna za miaka miwili kama ya Kennedy pale Harvard au ya Lee Kuan Yew kule Singapore, ya mwaka mmoja inakimbia kama imefukuzwa, hupati likizo ya kufanya intanshipu katikati, na kwa mtu anayetaka kubadili fani kabisa ile intanshipu ndo mlango wenyewe.

Habari Anti, mimi ni nesi wodi ya wazazi. Hesabu niliagana nayo sekondari na hatukuachana vizuri. Nimefungua orodha ya kozi nikaona neno kalkulasi nikafunga. Je kuna njia ya kusoma sera bila hesabu?

Ipo, ila sikushauri dada yangu. Na wewe unayekokotoa dozi usiku wa manane na kujaza patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu wa mama, usiniambie hujui hesabu, unachoogopa ni kumbukumbu ya mwalimu fulani.

Ukweli ni kwamba ile kalkulasi inayotumika humo ni ndogo, unahitaji kuelewa mteremko wa mstari una maana gani, yaani nikiongeza kimoja zaidi napata nini zaidi, na kupata kilele cha grafu. Aljebra ndo inayotumika kila siku. Vyuo vingi vina kambi ya hesabu wiki chache kabla ya masomo kuanza, nenda hata kama wamesema ni hiari. Mzigo wenyewe ni takwimu, na hapo nesi ana faida ambayo mtu wa uchumi hana. Mtu akikuambia hospitali moja imepata vifo vinne vya uzazi na nyingine kimoja, mchumi mgeni anaanza kuisifia ya pili, wewe utauliza papo hapo, kati ya wangapi? Na ya kwanza si ndo inapokea rufaa zote, wagonjwa waliokuja wakiwa hali mbaya tayari? Hayo maswali mawili ndo nusu ya kozi ya takwimu, kigawanyo na upendeleo wa uteuzi, wenzako watayasoma kwenye slaidi na wewe umeyaishi.

Anza sasa hivi ukiwa bado kazini. Pakua R, programu ya kompyuta ya takwimu, ni bure, vyuo vingine wanatumia Stata ambayo inalipiwa lakini ukijua moja nyingine inakuja yenyewe. Alafu kuna kitu watu wengi hawakijui, chuo cha MIT kule Marekani wana mfululizo wa kozi za mtandaoni unaitwa MicroMasters ya data, uchumi na uundaji wa sera, umetengenezwa na kina Banerjee na Duflo hao hao, kusikiliza ni bure, mtihani ndo unalipia na ada inategemea kipato chako. Ukimaliza na kufaulu unaweza kuaplai masta yao pale pale MIT, kundi la kwanza liliingia 2020, na kuingia kule hawakudai hata digrii ya kwanza, wanaangalia ulivyofanya kwenye kozi zao. Hata usipoaplai huko, cheti cha namna hiyo kwenye aplikesheni ya chuo kingine kinafuta lile swali la "huyu nesi ataweza kweli".

Kuhusu GRE, ule mtihani wa kuombea masta unaopima hesabu na lugha, vyuo vingi vimeifanya hiari au vimeiacha, angalia chuo kimoja kimoja. Wanaoitaka, upande wa hesabu alama zinaanzia 130 mpaka 170, tangu Septemba 2023 mtihani umefupishwa hadi chini ya masaa mawili, na matokeo yanadumu miaka 5. IELTS, ule mtihani wa Kiingereza, yenyewe inakaa miaka 2 tu, usiifanye mapema ukajikuta imeisha kabla hujaaplai.

Anti naomba unisaidie kwenye barua ya kujieleza. Mimi ni injinia wa maji. Nimeanza hivi: "Tangu nikiwa mtoto nimekuwa na ndoto ya kuwatumikia wananchi na kuleta mabadiliko chanya katika jamii yangu. Naamini sera bora ndiyo msingi wa maendeleo." Imekaaje?

Imekaa vibaya kijana wangu, pole. Siyo kwamba ni uongo, nakuamini kabisa, shida ni kwamba ukifuta jina lako ukaweka la mtu mwingine yeyote inaendelea kuwa sawa sawa. Msomaji wa aplikesheni ana rundo mbele yake na nakuhakikishia nusu ya rundo lile lilianza tangu likiwa toto.

Niambie kitu ambacho injinia wa maji peke yake ndo angeweza kukiandika. Kwenye meseji yako ndefu uliyonitumia baadae, chini kabisa, kama mtu anayepiga soga, ulisema mlibadilisha mabomba eneo zima na bado maji yanayopotea bila kulipiwa hayakupungua, mkaja kugundua wasoma mita walikuwa wanakadiria wakiwa wamekaa, kwa sababu wanalipwa kwa idadi ya nyumba walizojaza na hakuna anayekagua. Jamani! Ulikuwa na dhahabu ukaizika chini ya ndoto ya utotoni. Anza hapo. Kitu kama hiki:

"Tulibadilisha mabomba na maji yakaendelea kupotea. Ilinichukua muda kukubali kwamba hasara haikuwa ardhini, ilikuwa kwenye namna tunavyowalipa wasoma mita. Nilipopendekeza tubadili malipo, niliulizwa itagharimu kiasi gani na itaokoa kiasi gani, na sikuwa na njia ya kujibu."

Sentensi tatu na msomaji ameshajua wewe ni nani, umekwama wapi na kwa nini unahitaji shule. Aya inayofuata sema kozi gani kwenye programu YAO itakujibu lile swali, taja kwa jina, na usitaje profesa kama hujasoma kazi yake maana wanajua. Alafu sema unarudi kufanya nini, kwa kiwango cha mtu wa umri wako, usiandike utakuwa waziri.

Barua za wanaokupendekeza nazo, wengi wanakimbilia bosi mkubwa kabisa ambaye hata sura yao hana uhakika nayo. Chukua msimamizi aliyekuona ukibishana kuhusu zile mita. Mpe sivii yako, mpe rasimu ya barua yako, mpe mwezi mzima, na umkumbushe wiki moja kabla ya dedilaini bila kuona haya.

Anti mimi mume wangu anasema hiyo digrii ni ya wanaotaka ubunge, kwamba mchambuzi anaandika ripoti alafu mwanasiasa anafanya anachotaka. Nimjibu nini?

Mwambie nusu amepata. Mwanasiasa ndo mwenye kuamua na ndivyo inavyotakiwa, yeye kapigiwa kura na mchambuzi hajapigiwa. Lakini Stockholm walipotaka kuwatoza wenye magari wanaoingia katikati ya mji, watu wengi walikuwa wanapinga, basi wakafanya majaribio kuanzia Januari mpaka Julai 2006, magari yakapungua kama moja ya tano, watu wakaona barabara zimefunguka kwa macho yao, Septemba ikapigwa kura ya maoni na wakazi wa mji wakakubali, 2007 ikawa ya kudumu. Mtu aliyepanga yale majaribio yawe na mwanzo, mwisho na vipimo, alikuwa anafanya uchambuzi na siasa kwa wakati mmoja. John Kingdon, msomi wa siasa wa Marekani, alieleza 1984 kwamba jambo linapita pale tatizo, suluhisho na hali ya kisiasa vinapokutana, hapo ndo mlango unafunguka, na haukai wazi muda mrefu. Kazi ya mchambuzi mara nyingi ni kuwa na suluhisho tayari kwenye droo kabla mlango haujafunguka. Kwahiyo ndio, ripoti nyingi zinakaa kwenye droo, shemeji hajakosea, ila zingine zinatolewa.

Anti skolashipu! Umeongea ongea vyuo hivyo vyote ila hujasema nani analipa.

Haya haya. Sitaki kuorodhesha kila kitu, nasema zile ambazo sera za umma ziko ndani kweli kweli.

Ujerumani kupitia DAAD, shirika lao la ufadhili wa masomo, wana mpango wa Helmut Schmidt ambao umetengenezwa mahsusi kwa masta za sera na utawala bora, kwa watu wa nchi zinazoendelea, vyuo vilivyomo ni kama Hertie pale Berlin na Willy Brandt kule Erfurt, na wanakulipia mpaka kozi ya Kijerumani kabla hujaanza, wakati masomo kwa sehemu kubwa yanaweza kuwa ya Kiingereza. Naushangaa huu, ndo unaowafaa wengi wenu na ndo unaoulizwa kidogo kuliko yote.

Chevening ya Uingereza ndo kila mtu anaijua, mwaka mmoja, unachagua kozi tatu, wanataka uzoefu wa kazi wa miaka 2 ambao wanauhesabu kama masaa 2,800, na kazi ya muda, ya kujitolea na intanshipu zinaingia kwenye hesabu, wengi wanajiengua wenyewe kwa kutokujua hilo. Ukimaliza lazima urudi nyumbani ukae miaka 2. Kwenye insha zao usiandike uongozi kama cheo, andika mara moja ambayo watu walikufuata bila kulazimishwa na kilichotokea. Kuna Commonwealth pia kwa raia wa nchi za Jumuiya ya Madola, mpango uliozaliwa 1959. Kuna ule wa pamoja wa Japani na Benki ya Dunia, tangu 1987, huo wanataka uwe umeshafanya kazi za maendeleo angalau miaka 3 baada ya digrii, na uwe umeshapata nafasi kwenye programu zilizo kwenye orodha yao, kwahiyo chuo kinatangulia, skolashipu inafuata, watu wanalianza kinyume. Na msisahau Asia, skuli za sera za KDI kule Korea Kusini na GRIPS pale Tokyo zote zinafundisha kwa Kiingereza, zimejaa watumishi wa serikali kutoka kila bara, na ufadhili wao mwingi unalenga watu wa namna hiyo hiyo.

Ambaye chuo kimempa nafasi bila hela, kabla hujakopa hela kubwa, nikuulize, kazi unayoirudia ukitoka inalipa kiasi gani? Hii siyo digrii ya kukurudishia mkopo haraka, wahitimu wengi wanaenda serikalini na kwenye mashirika. Vyuo vingi vinakubali kuahirisha mwaka mmoja, andika imeili uombe, ukajaribu tena ufadhili.

Nina miaka 44, mkurugenzi msaidizi wizarani. Nimechelewa?

Hapana kaka yangu, ila usiingie kwenye darasa la vijana wa miaka 25 utachoka bure. Tafuta zile za watu wa katikati ya kazi, Harvard wana MPA ya mwaka mmoja inayotaka uzoefu wa angalau miaka 7, Princeton nao wanayo MPP ya mwaka mmoja ya watu wa namna yako. Humo thamani kubwa ni mtu aliyekaa kiti cha pembeni, ameshaendesha kitu kama unachoendesha wewe kwao.

Nimemaliza masta mwaka jana, niunganishe PhD?

Una swali ambalo liko tayari kukukosesha usingizi miaka minne au mitano? Kama huna, fanya kazi kwanza. Kama unalo na hutaki kufundisha chuo, angalia zile za kivitendo, RAND, taasisi ya utafiti kule California, wana skuli yao tangu 1970 ambayo wanafunzi wanasoma huku wanafanya kazi kwenye miradi halisi ya utafiti. Kama unataka tu kuitwa daktari, hiyo ni barua ya ukurasa mwingine.

Anti, mimi niko ndani tayari, semista ya kwanza. Nimeandika memo ya sera kuhusu ajali za pikipiki, kurasa tisa, nimesoma mpaka macho yakauma. Profesa kairudisha ameandika tu pembeni "kwahiyo?" Nimelia. Nimekutumia, naomba niambie kosa ni nini maana sielewi.

Nimeisoma mwanangu, futa machozi, umefanya kazi kubwa sana ila umeandika tasnifu ndogo, hujaandika memo. Kurasa tatu za kwanza ni historia ya pikipiki. Waziri hahitaji historia ya pikipiki. Pendekezo lako, ambalo ni zuri, nimelikuta ukurasa wa nane katikati ya aya, na hata hapo umesema "inaweza kufikiriwa".

Memo inaanza na jibu. Mstari wa kwanza baada ya Kwa, Kutoka, Tarehe na Kuhusu, unasema fanya hivi. "Napendekeza sheria ya helmeti imhusu dereva na abiria, ianze kukaziwa tarehe fulani, na helmeti zisizo na ubora zizuiwe kuingia sokoni kabla ya siku hiyo." Basi. Mtu akisoma hapo tu akaitwa kwenye kikao kingine ameshapata kilicho muhimu. Kisha kwa nini, kwa ufupi mkali: helmeti inapunguza hatari ya mwendesha pikipiki kufa kwa kama asilimia 42 na kuumia kichwa kwa asilimia 69, hiyo imetoka kwenye mapitio ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za afya, na tayari unayo ukurasa wa tano, ipandishe juu. Na je watu watavaa? Vietnam walianza kuikazia sheria kwa waendeshaji wote tarehe 15 Desemba 2007 na ndani ya muda mfupi uvaaji ukapita asilimia 90, ila wakabaki na tatizo la helmeti feki, ndo maana hicho kipengele cha ubora kiko kwenye sentensi ya kwanza na hakiko kwenye tanbihi.

Alafu mbadala. Umeweka viwili, sheria na elimu kwa umma, na cha elimu umekiandika kivivu ili kionekane kibovu, profesa ameliona hilo usidhani hajaliona. Weka vitatu vya kweli na kimoja kiwe kuacha hali ilivyo, maana kila mara mwamuzi ana uhuru wa kutofanya kitu na inabidi umuonyeshe kutofanya kitu kunagharimu nini. Vipime vyote kwa vigezo vile vile, vifo vinavyoepukwa, gharama, uwezo wa polisi kusimamia, nani anaumia. Hapo pa nani anaumia usiparuke, dereva wa pikipiki maskini ananunua helmeti mbili na kipato chake hakijaongezeka, sasa utamsaidiaje, au unakubali aumie na unasema wazi kwa nini? Memo nzuri inakiri mahali pendekezo lake linapouma. Ukificha, mpinzani wako atalifichua kwenye kikao na aliyeaibika ni aliyekutuma.

Lile "kwahiyo?" la profesa liandike kwenye karatasi ubandike juu ya meza, na kila aya ukimaliza uiulize, isiyojibu itoe, hata kama uliitafuta wiki nzima. Inauma najua, ile aya ya usajili wa pikipiki uliipenda inaonekana. Itoe.

Ukishaiandika upya nitumie tena, nitaisoma yote, ila ziwe kurasa mbili, ya tatu siifungui.